Shanga za Mama Mlangoni pa Eksirei

Nikifungua kopo ninamotunzia shanga za mama, harufu ya mafuta ya mbuzi na udongo mwekundu hunirudisha Lodwar, kwenye benchi la nje ya chumba cha eksirei. Mama na mimi tulikuwa tumetoka Kakuma kwa sababu ya kikohozi chake.

Sista wa pale alikuwa mtu wa Kitale, hakujua Kiturkana. "Mwambie mama avue shanga," aliniambia. "Zitafunika kifua kwenye picha."

Nikamwambia mama. Shanga zake zilipanda kutoka mabegani hadi kidevuni, na kwetu mwanamke huzivua akifiwa; akifa mwenyewe, huachiwa binti yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amekufa?"

Nilimtafsiria sista. Naye akavua mkufu wake wa msalaba, akauweka mezani. "Mwambie hakuna aliyekufa. Tunavua sote wawili." Akampaka mama mafuta shingoni, akazitoa shanga polepole, mzunguko mmoja baada ya mwingine, bila kukata hata uzi.

Picha ilipotoka, sista aliiinua dirishani, akaitazama muda mrefu. Mama hakuitazama picha. Alimtazama sista usoni.

Sista akachukua shanga amvishe tena. Mama akamshika mkono, akazipokea, akanivisha mimi zote. Zilikuwa bado na joto la shingo yake, nzito hata nikashindwa kuinamisha kichwa.

Safari hii sista hakuniomba nitafsiri. Mkufu wake ulibaki pale mezani.