Wivu wa Mume wa Mjumbe

Fundi wa kuchomelea mageti alikuwa na wivu, na wala hakujisumbua kuuficha. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alichaguliwa na majirani kuwa mjumbe wa kamati ya raia inayosikiliza malalamiko dhidi ya polisi. Tangu hapo, kila akirudi kutoka kikaoni hutulia tuli kama maji mtungini. Ya kikaoni hayaletwi nyumbani, ndiyo kanuni. Mjumbe akibainika kusimulia huondolewa, na shauri huanza upya.

"Leo mmesikiliza nini?"

"Watu."

"Na yule mwalimu mstaafu unayekaa naye bega kwa bega, naye ni watu?"

"Mume wangu, kula. Chakula kinapoa."

Chakula kipite wapi, koo lenyewe limejaa mwalimu? Mwalimu na mashati yake yaliyonyooshwa, wakati ya fundi yametobolewa na cheche!

Siku ya shauri la muuza maji, fundi alifunga karakana akaenda. Kikao kilikuwa wazi kwa kila mtu, wajumbe tu ndio waliokatazwa kuyasimulia nje, akakaa benchi la nyuma. Muuza maji alidai askari alimvunja mkono wakati yeye tayari amefungwa pingu. Shauri lake lilikuwa limeshaahirishwa mara nyingi mpaka akakaribia kukata tamaa. Alisimulia polepole, mkono ukining'inia kwenye kitambaa. Kila alipomaliza sentensi, mshonaji alimwinamia mwalimu na kumnong'oneza sikioni. Fundi alivumilia, akavumilia, kisha akasimama.

"Mnanong'onezana nini nyie? Mumewe ni mimi hapa!"

Watu wote wakageukia benchi la nyuma.

"Eti anasemaje?" mwalimu akauliza kwa sauti kubwa, kiganja kikiwa nyuma ya sikio.

Masikini, kumbe mzee hasikii vizuri, ndiyo maana alirudiwa kila sentensi sikioni. Lakini maji yalishamwagika. Wakili wa askari alikuwa amesimama.

"Mwenyekiti, mume anakuja kusimamia wajumbe! Ni wazi ya humu yanafika chumbani kwao. Naomba mjumbe huyu aondolewe."

Muuza maji akafumba macho. Mwenyekiti, mama mwenye duka la dawa, akamgeukia fundi.

"Baba, sema kweli. Mkeo amekueleza nini kuhusu mashauri haya?"

Fundi akamtazama mkewe. Uongo mmoja tu, na mwanamke angerudi kwenye cherehani yake, awe wake peke yake. Tusidanganyane, aliutamani uongo ule.

"Hajanieleza kitu," akasema. "Hata neno moja! Namuuliza, ananiambia nile. Angenidokezea hata kidogo, ningekuja kujiaibisha hapa?"

Watu wakaangua kicheko. Wakili akakaa. Mshonaji hakucheka, alimtazama mumewe kitambo, kisha akamgeukia muuza maji.

"Endelea, kaka. Ulikuwa umefika kwenye pingu."

Akamwinamia mwalimu tena. Fundi akakaa chini, wivu ukimchoma vilevile, akasikiliza.