Mtani wa Moza

Moza anauza chai na chapati Mchafukoge, kwenye baraza la duka la vifungo. Mumewe alifariki, wanawe wako Tabora na maisha yao, na wateja wa Kariakoo hunywa wamesimama, wakaondoka. Aliyezungumza naye kutwa alikuwa mmoja tu, Kitwana, fundi wa vyerehani aliyekaa baraza hilohilo. Moza Mnyamwezi, Kitwana Mzaramo, basi ni watani, na kutukanana kulikuwa halali yao.

"We mpagazi, chai yako inanuka moshi."

"Kunywa, Mzaramo. Kazi huijui, chai unaijua."

Kitwana alikuwa na vituko. Aliwahi kujifanya amekufa ili asimgawie Moza muhogo wake. Kwa hiyo siku alipopinda mdomo na kuangusha bisibisi, adhana ya adhuhuri ikilia, Moza alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwita Haruna mwenye duka aje aone. Haruna naye akacheka, na nani asingecheka? Mpaka udenda ulipomchuruzika Kitwana ndipo Haruna akapiga simu.

Likaja gari la wagonjwa wa kiharusi, lile lenye mashine ya kupiga picha ya kichwa humohumo ndani. Mikokoteni ililizuia, watu wakaisukuma kando. Muuguzi, Ritha, akashuka akiuliza.

"Ilianza saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake. Bila kujua, hatumchomi."

Haruna akatazama chini. Watu walikuwa wamejaa.

"Adhana ya adhuhuri," Moza alisema. "Najua kwa sababu nilikuwa namcheka."

"Wewe nani yake, mama?"

"Mtani wake."

Picha ikaonyesha damu imeganda, haijavuja. Muda ulikuwa bado upo. Wakamchoma dawa palepale, kabla gari halijageuza kwenda hospitali.

Kitwana alipona, anatembea. Maneno ndiyo hayakurudi. Dada yake akamchukua Kisarawe. Moza hajui kama kicheko chake ndicho kilichomla ulimi; anaogopa kuuliza, na baraza limekuwa pana mno.

Jioni hupiga simu. Dada humwekea Kitwana sikioni.

"Mzaramo, umelala tena?" Moza humwambia, kisha hunyamaza ili naye apate nafasi ya kujibu. Husikia pumzi tu. Hunyamaza hivyohivyo, simu mkononi, mpaka salio linakwisha.