Siku Mtani Alipozuia Jeneza la Baba

Baba alikwenda vita vya Uganda na miguu miwili mizima, akarudi Mbekenyera na goti la kulia lisilokunjika. Kwa goti hilo alilima mikorosho, akaipulizia dawa ya salfa, akanisomesha mpaka nikawa mwalimu Nachingwea. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Ukimuuliza, anakujibu kwamba kule kulikuwa na ndizi nyingi, basi.

Mimi goti lile lilinitia aibu. Nikiwa sekondari, siku moja alikuja bwenini kuniletea karanga na sukari, anaburuza mguu uwanja mzima huku wasichana wakichungulia madirishani. Nikajificha chooni mpaka akaondoka. Mzigo aliuacha kwa matroni. Hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi, na mimi nikajifanya nimesahau. Ujinga mtupu.

Alifariki mwaka jana, korosho zikiwa ndiyo zinaanza kudondoka. Watani wetu wa kabila la jirani walikuja msibani kututania, kama ada inavyotaka. Bibi mmoja kati yao, aliyetaniana na baba tangu ujana, akavaa koti la baba la jeshi na kuanza kuchechemea uani.

"Kumekucha! Asiyekwenda shamba hali ugali!"

Alikuwa baba kabisa, akituamsha alfajiri. Watu walicheka huku machozi yanawatoka.

Mimi nikapandwa na hasira. Nikamfuata, nikalivuta lile koti. "Mguu wa baba yangu si wa kuchezewa!"

Mtani hakasirikiwi, tena msibani; hata mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo. Shangazi akanivuta mkono, amejaa fedheha. Bibi mwenyewe wala hakununa.

"Mimi mguu huu nimeucheka miaka yote, na mwenyewe akicheka," alisema. "Wewe msomi, umewahi kumwambia nini?"

Sikuwahi kumwambia lolote, hata pole.

Tulipoingia ndani kumuaga, wanaume wakainua jeneza kwenda makaburini, ambako sisi wanawake hatufiki. Nikajua nafasi yangu ndiyo inatoka mlangoni. Lakini yule bibi akawahi kizingitini, akakaa kitako na lile koti la baba.

"Hatoki mtu hapa! Mtoto wake ana neno."

Shehe akatazama saa, lakini nani atamruka mtani? Wakasimama na jeneza mabegani, wananisubiri mimi. Nikasogea mpaka nikaigusa shuka iliyofunika jeneza.

"Ahsante, baba," nilisema kwa sauti ya chini.

"Ahsante ya nini?" bibi akadakia kutoka pale chini. "Huyu askari, mpe taarifa kamili!"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mimi nilikuwa nalia waziwazi.

"Ahsante kwa mguu wako, baba. Nilikuonea aibu. Nisamehe."

Bibi akashika fremu ya mlango, akajiinua taratibu, akawapisha.