Mvua za Esteria Ndani ya Kontena

Domitila Maduhu alikuwa na stesheneri ndogo karibu na stendi ya Bariadi. Watu waliokuja kutoa fotokopi au kupiga picha za pasipoti hawakujua kwamba mwanamke yule mwenye mkasi mkononi ndiye aliyekuwa akiwajibu wakulima wa pamba wa Sapiwi na Itilima walipotuma meseji kuuliza mvua za kwanza zilianza lini mwaka jana, mwaka juzi, na miaka mingi nyuma yake.

Mvua zenyewe zilikuwa za mama yake. Mwaka 1985 bwana shamba mmoja alisimika kipimamvua uani kwa Esteria, kule Mwamapalala, akamfundisha kusoma milimita, akampa daftari. Baadaye akahamishwa, wala hakurudi. Esteria hakuambiwa aache, kwa hiyo hakuacha. Kila siku saa tatu asubuhi alisoma, akamwaga maji, akaandika. Pembeni ya namba aliongeza maneno mawili matatu: upepo umeezua kanisa; radi imeua ng'ombe wa Kija; mtama wote umeota.

Mwaka 2019 Domitila aliamua kuyaingiza madaftari hayo kwenye kompyuta. Waligawana na binamu yake Nancy: Nancy akachukua miaka ya themanini na tisini, yeye akachukua iliyobaki. Iliwachukua zaidi ya mwaka mzima. Ndipo likaja swali la mahali pa kuyaweka ili mkulima yeyote mwenye simu aweze kuuliza, maana kompyuta ya dukani ilizimika kila umeme ulipokatika.

"Kodi seva," Deogratias, fundi wa kompyuta wa Mwanza aliyesoma naye sekondari, alimwambia. "Zipo kampuni Ulaya zinakodisha kwa bei ambayo hata wewe unaimudu. Mashine inakaa kwao, wewe unaiendesha ukiwa hapo hapo Bariadi. Iwe na Linux, ule mfumo wa kuendeshea usiolipiwa, halafu kila kazi uipe kontena lake."

Domitila alipomsimulia mama yake, Esteria alikunja uso. "Kontena? Kama lile Mboje analouzia saruji?"

"Linafanana nalo, mayu. Kila kazi ina chumba chake, na vitu vyake vyote vimo humo. Kimoja kinatunza mvua zako, kingine kinajibu meseji. Kimoja kikiharibika, mwenzake hana habari. Na chumba kizima unaweza kukifunga, ukakihamishia kwenye mashine nyingine, kikaendelea na kazi."

"Anakibeba nani?"

"Mimi. Naandika mstari mmoja tu."

Esteria alimtazama kama mtu anayejua anadanganywa lakini hataki ugomvi.

Mwanzoni mambo hayakwenda vizuri. Mwaka wa pili Domitila alifuta kontena la mvua kwa bahati mbaya. Kidole kiliteleza kwenye jina. Hakushtuka sana, kwa sababu kila siku seva ilikuwa ikitengeneza nakala rudufu. Alipozifungua akakuta zote ni tupu. Diski ilikuwa imejaa tangu zamani, na yeye hakuwahi kujaribu kurudisha hata nakala moja. Wakarudi kwenye madaftari, yeye na Nancy, wakachapa upya miaka yote, mwaka mwingine mzima wa kazi.

Baada ya hapo alibadilika. Alikodi seva ya pili, ndogo zaidi, kwa kampuni nyingine, Afrika Kusini. Kila asubuhi makontena yalifungwa yakawa faili moja, faili likavuka bahari. Na kila mwezi alichukua faili hilo, akaliamsha kwenye kompyuta ya dukani, akahakikisha kwamba linapumua, kisha akalifuta pale. Nancy alimcheka, akisema anafanya mazoezi ya msiba.

Kisha mchwa waliingia kwenye sanduku la Esteria. Alipolifungua ili atoe shuka, madaftari yalikuwa yamegeuka udongo. Yalibaki majalada manne na vipande vya karatasi visivyosomeka. Esteria alikaa chini sakafuni mpaka jua likaanza kushuka. Tangu siku ile, mvua zake zote zilikuwa kwenye seva tu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2024, wakati watu wanangoja kupanda pamba, Domitila alifungua duka Jumanne asubuhi akakuta simu yake imejaa meseji. Mashimba wa Sapiwi alikuwa ameandika mara tatu: mtambo haujibu. Akajaribu kuingia kwenye seva, kimya. Kisha akaona barua pepe ya kampuni. Diski zote za mashine ile zimekufa kwa pamoja. Wanasikitika. Hakuna kilichookolewa.

Esteria alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja; alikuja mjini asubuhi hiyo kwa ajili ya kliniki ya macho. Alimwona binti yake anavyoishika meza.

"Kuna nini?"

"Mashine imekufa, mayu. Ile yenye mvua."

Esteria hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Zote?"

Domitila aliigeukia kompyuta. Alikodi seva mpya, ikawa tayari kabla chai haijapoa. Akaiunganisha na ile ya Afrika Kusini, akaita faili la jana. Aliitazama asilimia ikipanda, na kwa mara ya kwanza akautambua uzito wa kile kitu, au tuseme wepesi wake. Miaka thelathini na tisa ya mvua, pamoja na chumba chake na mlango wake, ilikuwa nyepesi kuliko video ya harusi. Ilikuwa inapita chini ya bahari, kutoka mashine asiyoijua kwenda mashine nyingine asiyoijua, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeibeba.

Aliandika ule mstari mmoja. Kontena likaamka. Kisha la pili.

"Niulize siku yoyote," alisema.

Esteria alisogea, akaweka mkono mezani. "Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, themanini na saba."

Miaka hiyo aliichapa Nancy. Domitila hakuwahi kuisoma mstari kwa mstari. Alijua tu kwamba ndiyo siku aliyozaliwa. Akaandika tarehe, na kioo kikajibu: *Milimita 31. Nimejifungua alfajiri, mtoto wa kike. Maji yalikuwa mengi, nimeyamwaga mara mbili.*

Domitila aliyasoma maneno hayo mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kimoyomoyo.

"Ulitoka nje kupima? Siku hiyo hiyo?"

"Nani angepima? Baba yako alikuwa hajui milimita."

"Mayu, ulikuwa umetoka kujifungua!"

"Nilikubeba," alisema Esteria, kana kwamba hilo linamaliza maneno. Lakini macho yake hayakutoka kwenye kioo. Aligusa ile namba kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayegusa paji la uso la mgonjwa aliyepata nafuu. "Madaftari yaliliwa, nimeyaona mwenyewe. Na hii mashine nayo imekufa. Sasa haya maneno yametoka wapi?"

Domitila alifungua mdomo amweleze habari za faili na seva ya pili, akaona maelezo yote anayoyajua hayatoshi. "Yalikuwepo tu, mayu," alisema.

Simu ililia. Mashimba amepata jibu lake, anashukuru: wabeja sana. Mlangoni mteja aliyetaka fotokopi ya cheti cha kuzaliwa alikohoa, akakohoa tena. Domitila alimwomba angoje kidogo, akamvutia mama yake kiti, na wawili hao wakaanza kusoma mwaka themanini na saba tangu Januari.