Cha Kupanda Pale Maji Yanapolala

Nakumbuka siku moja kaka yangu Mohamedi akichimba mtaro kwa hasira, na mama yetu amesimama kando yake anamtazama tu. Mwanangu, umenionyesha kwenye simu picha ya uwanja wako huko Nduguti, ukaniuliza upande vichaka gani pale nyuma ambapo maji hayakauki. Nitakujibu. Ila acha kwanza nikueleze yaliyompata Mohamedi.

Alikuwa amejenga Utemini, sehemu ya bondeni. Kiwanja alikinunua wakati wa kiangazi, ardhi imepasukapasuka, nani angejua? Mvua zilipoanza, maji ya mtaa yakawa yanateremka na kulala nyuma ya nyumba yake. Udongo wa pale ni mweusi, ule wa mbuga za bondeni, ukilowa unang'ang'ania mguu na maji hayana pa kupenya. Watu hushangaa wakisikia kwamba Singida hii hii yetu kuna mahali maji yanasumbua kwa wingi. Basi hapo ndipo mahali penyewe.

Mkewe, wifi yangu Zuhura, tope hakulijali sana. Shida yake ilikuwa bafu. Lilikuwa la nje, limezungushiwa viroba, na upepo wetu unaujua. Viroba vilichanika, na njia ya watu ilipita karibu. Basi akawa haogi mpaka giza liingie, hata alipokuwa mjamzito na joto la mchana limemchosha. Alimwomba mumewe kitu kimoja tu, vichaka vya kumsitiri.

Mohamedi akafanya kama tulivyozoea kwetu Ilongero. Alikata minyaa, akaichomeka kuzunguka bafu. Kwetu minyaa haiulizi kitu, unachomeka na kuondoka. Pale ilioza kuanzia chini, ukiigusa inalala. Akaleta bogenvilia nzuri, nyekundu. Majani yakageuka njano, yakapukutika yote. Ndipo akasema basi, maji yenyewe yaondoke, na akashika jembe. Mtaro akauelekeza upande wa chini, kwa jirani.

Mimi na mama tulimkuta hapo, tumetoka kushuka kwenye lori la alizeti. Mama alimwacha achimbe kidogo, kisha akamuuliza, "Haya maji yakitoka hapa yanakwenda kulala wapi?"

"Mungu anajua, mama."

"Mungu anajua, sawa. Wewe je?"

Mohamedi akaliacha jembe. Mama akamshika mkono, mtu mzima mwenye ndevu zake, akampeleka mpaka kwa jirani. Mimi nikafuata nyuma.

Jirani huyo aliitwa Mama Elia. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima, akatukaribisha jikoni, kibanda cha matofali mabichi, kwa sababu binti yake alikuwa amejifungua majuzi na alipenda kukaa karibu na moto. Kichanga kilikuwa kimelala juu ya mkeka, kando ya ukuta wa nyuma. Mama akaweka kiganja sehemu ya chini ya ukuta ule, akamwashiria Mohamedi aweke chake. Alipoutoa mkono, vidole vilikuwa vimejaa udongo mbichi. Ukuta ulikuwa umelowa tayari, na mtaro wa Mohamedi ulikuwa unakuja moja kwa moja upande ule.

Hakuna aliyemgombeza. Mama Elia hakujua hata tulichofuata, mpaka Mohamedi mwenyewe alipomwambia. Mwanamke yule akamchukua mtoto taratibu, akamhamishia upande wa pili, karibu na mlango. Kisha akasema, "Ungeniita tu, baba. Hata sisi yanatutesa."

Mohamedi akarudi akafukia mtaro. 

Asubuhi mama akatuchukua mpaka ukingoni mwa mbuga, maji yalipokuwa yamesimama. Mohamedi akamuuliza ni mti gani unafaa. "Usiniulize mimi," mama akasema. "Tazama nani amesimama majini na bado ana majani." Tukaona mihina, imefungamana vizuri. Tukaona vile vichaka vyembamba vyenye maua ya manjano, ambavyo tulikuwa tunawakatia mbuzi. Mpera mmoja pia, umejiotea karibu na dimbwi. Tukakata vipande, tukakusanya mbegu, tukang'oa miche midogo ya mpera.

Hatukuvipanda chini kama minyaa. Mohamedi alinyanyua tuta refu kuzunguka bafu, akachanganya samadi na mchanga wa korongoni, mama akisimamia kila shina likae juu ya maji. Miche mingine ilikufa. Mpera ulichelewa sana, tukaukatia tamaa, kisha ukashika. Mihina ndiyo iliyotangulia kufunga. Na Mohamedi na baba Elia wakachimba pamoja mtaro mwingine, mpakani, wakaupeleka mpaka kwenye mfereji wa barabara.

Msimu uliofuata nilikwenda kuwasalimia. Ilikuwa mchana, jua linawaka. Tukiwa tunakunywa chai na Mohamedi tukasikia maji yanamwagika bafuni, na Zuhura anaimba kwa sauti. Mohamedi akaweka kikombe chini, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha.

Basi mwanangu, usinunue mche kwa sababu ya ua lake. Kwanza ngoja mvua inyeshe, uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Tembea Nduguti yote, tazama kinachoota pale penye maji, ukipande hicho, juu ya tuta. Na kabla hujachimba mtaro, nenda ukamwamkie jirani yako wa chini, ukae jikoni kwake, uulize hali ya kuta zake.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye sitara, na majirani wanaofurahi mvua ikinyesha kwako. Amina.