Siku Niliyojiita Ige

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, Aina alilieleza darasa kwamba Wayoruba humwita Aina msichana aliyezaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingo, na Ige mtoto aliyetanguliza miguu. Wote wakamkodolea macho. Mimi ni Grace tu, jina la nyanya yangu. Wivu ukanipa sauti nisiyokuwa nayo: “Mimi nilitanguliza miguu! Kwenu ningeitwa Ige!”

Jioni, mimi na mama tukiwa dukani mtaani kwetu, Thornton Heath, mamake Aina akamkumbatia mama yangu. “Mama Ige! Pole, miguu kwanza!”

“Nani, huyu?” Mama akacheka. “Alitolewa kwa upasuaji, tena tarehe tuliyopangiwa.”

Aina alikuwa hapo hapo, ameshika ndizi.

Kesho yake asubuhi nilikaa kando yake darasani, nikamnong'oneza: “Na wa kupangiwa tarehe, mnamwitaje?”