Mfarishi wa Bi Mwanaidi

Sufi iliyolaliwa miaka mingi ina harufu yake: vumbi, mafuta ya nazi na jasho la kichwa. Naijua kwa sababu nililalia mto mmoja na bibi yangu, kwenye kitanda cha kamba, Ifakara, miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka minane. Mwaka huo kipupwe kilikuja kikali. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni, ukapita juu ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ukaingia hadi jikoni kwetu. Katika baridi hiyo mama alijifungua mtoto wa kiume, miezi miwili kabla ya wakati. Alikuwa mdogo mno, hata niliogopa kumwita mdogo wangu. Sista wa misheni alikuja kumtazama, akasema anahitaji maziwa na joto, na zaidi joto. Blanketi letu lilikuwa moja, zito, la kukwaruza. Tukimfunika nalo alihema kwa taabu, na tukilitoa midomo yake iligeuka rangi ya zambarau.

Jirani yetu Bi Mwanaidi, mke wa fundi cherehani, alikuwa mtu wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno ambayo sisi wa bondeni hatukuyajua. Alikuja kumwona mtoto, akarudi kwake. Kesho yake asubuhi nilitumwa kwake kuomba kaa la moto, naye akaniambia, "Mwambie bibi yako, mtoto yule ataka mfarishi. Naja sasa hivi." Nilirudi mbio. Mfarishi sikumjua ni nani, lakini Mfariji nilimjua vizuri, maana katekista alitufundisha kuwa ndiye Roho Mtakatifu. Basi nikafika nikatangaza, "Bi Mwanaidi anasema mtoto anamtaka Mfariji."

Bibi aliangusha mwiko. "Mama yangu! Yeye Mwislamu ameshaona kuwa mtoto anatuaga, mimi nimekaa tu hapa!" Aliwasha mshumaa, akapiga magoti kando ya mtoto, akaanza sala za anayekufa. Mama alilia bila sauti. Mimi nilijibanza ukutani, nikiwa na hakika kwamba maneno niliyoyabeba ndiyo yanayomwua ndugu yangu. Bi Mwanaidi alipotokea, na furushi kichwani, alisimama mlangoni mkono mdomoni, akangoja kwa heshima mpaka tuliposema amina.

"Ameshakufa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado. Si wewe umesema anamtaka Mfariji?"

"Mfarishi, mama! Mfarishi! Nguo juu, nguo chini, katikati sufi!"

Bibi alinitupia jicho ambalo sijalisahau. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, na mama naye, aliyekuwa hajacheka tangu ajifungue, akacheka huku ameshika tumbo. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichoniokoa na kofi. Bi Mwanaidi akauliza kama tuna sufi, kwa kuwa ile ya mitini ilikuwa bado haijapasuka. Bibi aliingia chumbani, akatoka na mto wake, akaupasua kwa kisu.

Kilichofuata sijawahi kuona mfano wake. Bi Mwanaidi alimwaga mkekani vipande alivyookota chini ya cherehani ya mumewe: kaniki, kaki, bandera nyekundu, chiti za maua, vingine si vipana kuliko kiganja changu. Hakuwa na futi wala chaki. Alipima kwa shibiri, akageuza kipande hiki, akakisogeza kile, na takataka zile zikaanza kuelewana mbele ya macho yangu. Upande wa kumgusa mtoto aliweka kanga yake kuukuu, akisema nguo mpya ina dondo, wanga wa kuikaza, itamchubua. Sufi aliichapa kwa kijiti chembamba hadi mabonge yote yakaachana, akaitandaza, akafunika, akaanza kushona kutoka katikati kwenda nje, mistari iliyoachana kwa upana wa kidole. Nilimwuliza kwa nini mistari mingi hivyo. "Nikiiacha, sufi itakimbilia pembeni, mtoto abaki na nguo tupu," alisema bila kuinua kichwa. Nilishindwa hata kwenda kucheza. Kwa akili yangu ya kitoto nilimwogopa kidogo, kama nilivyomwogopa padre akiwa altareni.

Jua lilipokaribia kuzama alikata uzi kwa meno. Mama alimviringisha mtoto, mfarishi ukamkaa mwepesi, kifua kikapanda na kushuka bila taabu. Tulimwinamia wote, vichwa vikigongana. Midomo ilichukua muda, kisha ikarudi rangi yake.

Siku hizi Ifakara watoto njiti wana mashine zao hospitalini, na wanapona wengi ambao enzi zetu tungewazika. Nafurahi sana, wala sitamani zamani zirudi. Ndugu yangu ni mzee mwenye mvi na wajukuu, na nikimwonyesha kwenye mkono wangu alivyokuwa, kutoka hapa hadi hapa, anasema naongeza chumvi. Juzi aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza kwa miaka yote hiyo: Bi Mwanaidi tulimwambia nini alipomaliza? Nakumbuka kila kipande na kila mstari, lakini sikumbuki mtu kumwambia asante, wala sikumbuki alipoondoka. Sote tulikuwa tunamtazama mtoto.